Punje Sita za Hanifu

Mume wangu Hanifu alinikana nikiwa nimesimama mlangoni na sinia la chai mikononi. Aliwaambia wageni kwamba mimi ni mtumishi wa ndani. Ilikuwa Septemba 1992, hapahapa Majengo, katika nyumba ninayokaa hadi leo.

Mimi ni Joha, mzaliwa wa Busi, Kondoa. Kaka zangu walipelekwa shule, mimi nikapelekwa shambani kuamia ndege. Kusoma nimejifunza ukubwani, kwa herufi za kwenye magunia. Hanifu alinioa akanileta Dodoma. Yeye alikuwa karani, mimi nikauza uwele na mtama sokoni.

Miaka ile ofisi zilikuwa zinapunguza watu. Orodha ilibandikwa ukutani, na aliyeliona jina lake alirudi nyumbani na barua. Hanifu akasikia kuna mradi wa visima wa Wazungu unaotaka karani anayejua Kifaransa. Akanunua kitabu kilichochakaa na kanda moja ya redio.

"Joha, kazi yangu imo humu. Nisaidie."

"Nikusaidie nini, mimi nisiyejua hata alifu?"

"Masikio si unayo?"

Masikio ninayo. Kila siku baada ya alfajiri, nikikoroga uji, kanda ilisema na yeye akarudia. Niliweka punje sita za mahindi kwenye ungo: yangu, yako, ya yule, yetu, yenu, ya wale. Akipatia, nasogeza punje. Akikosea, nazirudisha zote na yeye anaanza upya.

Kilichomshinda ni maneno ya mambo ambayo yangalikuwa na hayakuwa. Zhore parle, tiu ore parle, il ore parle, nuz orion parle, vuz orie parle, ilz ore parle. Ningalisema, ungalisema, angalisema, tungalisema, mngalisema, wangalisema. Mimi ndiye niliyemwonyesha kwamba neno la mwisho halitikisiki, linalogeuka ni la kati. Akiacha kusema akashika kumaliza, zhore fini, au kutoa, zhore done, ya kati yanabaki yaleyale na ungo wangu ni uleule. Ila punje ya nne ilimkwamisha kila asubuhi. Akifika hapo alinyamaza, akanitazama, nami nikamdokeza, "Nuz orion." Tulikwenda hivyo miezi saba.

Jumamosi moja alasiri akaja bwana Ambokile, mkuu wa mradi, pamoja na Edina, katibu wake, aliyefundishwa Kifaransa na watawa. Walikuja kumpima.

"Mimi Kifaransa sijui kitu," Ambokile alisema. "Nitatazama uso wa Edina tu. Akikunja, bwana, umekwisha."

"Basi tuanze na gumu," Edina akasema. "Kusema. Ningalisema."

Hanifu akaenda vizuri, ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kisha akanyamaza. Nilikuwa ndiyo naingia na sinia. Hakunitazama, lakini mdomo wangu ulikwisha kuzoea. "Nuz orion parle," nikasema, na mbili zilizobaki nikazimalizia, maana sikuzoea kuacha punje njiani.

Edina akapiga makofi. "Jamani, kumbe mwalimu yuko jikoni."

Ambokile akacheka mpaka akashika tumbo. "Hanifu, tusije tukamwajiri yeye. Huyu nani?"

Ningalijibu mwenyewe. Nilimngoja mume wangu anitaje, kama nilivyofunzwa.

"Ni dada wa kazi tu," Hanifu akasema. "Anasikiasikia. Weka chai, dada, uende."

Nikaweka chai, nikaenda. Kuondoka kule nako hakujanitoka.

Wageni walipoondoka nilimwuliza kama mimi ni dada yake. Akasema, "Ningefanyaje, Joha? Wangenicheka. Nikishapata kazi nitawaeleza." Kazi akapata. Mwaka haujaisha mradi ukahamia Bujumbura, naye akaenda nao peke yake, kwa kuwa hakuna anayesafiri na mtumishi. Barua zilikuja mbili, kisha basi.

Sauti yake haikuondoka. Kila nikikoroga uji naisikia upande wa dirisha, moja, mbili, tatu, halafu kimya. Kimya kile kinaningoja mimi. Nilihamishia meko uani, kikanifuata. Kitabu nilikichoma. Mwanzoni nilikuwa namjibu chini kwa chini ili apite, tuendelee sote. Siku hizi simjibu. Uji unaungua na yeye amekwama pale, haendi mbele wala harudi.

Sokoni napima uwele kopo sitasita, midomo ikienda bila mimi kujua. Mishi, anayeuza karanga kando yangu, hunichokoza.

"Joha, hiyo hesabu ya jini gani?"

"La nyumbani kwangu."

"Limekuoa?"

"Limeniacha bila kuniacha."

Mwaka 1997 Shaban, dereva wa lori anayetuletea mizigo, alimwona Hanifu Kigoma, amerudi kutoka Burundi, mzima wa afya, ana mke na watoto wawili. Shaban akamtajia jina langu. Hanifu akasema, "Ah, nisalimie yule dada."

Shehe wa msikiti wetu ameniita mara mbili. Anasema ndoa iliyotelekezwa huweza kuvunjwa hata mume asipokuwepo. Abdulnasiri mwenye mashine ya kusaga alikuwa tayari kunioa. Alisubiri miaka miwili, akaoa kwingine. Simlaumu.

"Binti yangu, unamngoja nini mtu yule?" shehe aliniuliza.

"Simngoji, shehe. Namdai."

Wote waliopunguzwa kazi miaka ile walipewa barua. Mtumishi huachishwa, mke hupewa talaka. Mimi sikupata hata kimojawapo.

Hanifu aliyeko Kigoma namdai maneno mawili, kwa mdomo uleule, mbele ya Ambokile na Edina kama wangali hai. La kwanza ni kwamba Joha wa Busi ni mke wake. La pili ni kwamba amemwacha. La pili bila la kwanza silipokei.