Bangi Yake na Bangi Yangu

Habari ya kifo chake niliipata Jumanne asubuhi nikiwa ndani ya treni ya metro, kwa ujumbe wa sauti kutoka kwa dada yake mkubwa. Alisema kwa ufupi kwamba mdogo wake amekutwa amefariki nyumbani kwake Anderlecht, hapa Ubelgiji, kwamba madaktari wametaja ugonjwa wa sukari, na kwamba mazishi yatakuwa Jumamosi. Hakulia. Mwishoni akaongeza kwamba nisijisumbue kuandika chochote gazetini. Namwomba radhi kwa kutomtii.

Marehemu alikuwa mzaliwa wa Bukavu, fundi wa mitambo ya kupasha nyumba joto. Tulifahamiana katika kwaya ya parokia moja huko Berchem, yeye akiimba besi na mimi nikijaza nafasi. Majira ya baridi simu yake haikunyamaza. Krismasi moja aliacha sahani yake mezani kwangu akaenda Ganshoren kwa bibi mmoja wa Kibelgiji ambaye mtambo wake ulikuwa umezimika, akarudi baada ya saa tatu, mikono myeusi, akilalamika kwamba bibi amemlazimisha kula keki nzima. Jumamosi alasiri, mvua ikituhurumia, tulikaa kwenye benchi la bustani karibu na kwake tukavuta msokoto mmoja wa bangi, watu wawili. Naandika hili wazi, na najua baadhi ya wasomaji wangu watalikunja gazeti hapa hapa. Tulicheka, tukaongea ovyo kuhusu siasa za nyumbani, kisha kila mmoja akaenda kwake kula. Wiki nyingine tulisahau kabisa kuvuta.

Siwezi kusema mambo yalibadilika lini, kwa sababu sikuwa nikitazama. Nakumbuka Pasaka moja alipangiwa kuimba peke yake ubeti wa kwanza. Alikuwa ameufanyia mazoezi Kwaresima nzima. Misa ikaanza bila yeye, na ubeti ule ukaimbwa na mtu mwingine, vibaya. Baada ya misa nikaenda kwake. Nilimkuta amekaa kitandani, suti ameivaa, viatu amevifunga, mapazia yamefungwa, na chumba kinanuka bangi hadi kwenye ngazi. Hakuwa mgonjwa. Nikamuuliza kulikoni. Akaniambia polepole, kama mtu anayesoma maandishi ya mbali, "Nilivuta kidogo nipate nguvu ya kutoka. Bon, alafu sikutoka."

Mimi nilicheka. Nilidhani ni kichekesho, nikawasimulia wengine, nao wakacheka. Leo nayarudia maneno yale na sioni pa kucheka. Mtu alikuwa ananieleza ugonjwa wake kwa sentensi mbili, na sijawahi kusikia daktari akiueleza vizuri zaidi.

Baada ya Pasaka ile aliacha kwaya. Kisha akaanza kuchelewa kazini, halafu kutofika. Bibi yule yule wa Ganshoren alikaa siku mbili katika baridi akimsubiri. Mwajiri wake alimvumilia majira mawili ya baridi, ya tatu akamwachisha kazi. Yeye akatuambia anapumzika kidogo. Siku ambazo muuzaji wake hakuonekana, hakulala wala hakula, na aliyempigia simu alipokelewa kwa matusi. Mimi mwaka huo niliugua kifua, nikakaa miezi miwili bila kuvuta, na nilikuja kugundua hivyo pale tu mke wangu aliponiuliza. Tofauti ilikuwa wazi mbele yangu kiasi hicho. Lakini ukinikuta wakati ule, ningekuambia kwamba mimi na yeye tunavuta kitu kilekile.

Na ndivyo nilivyomwambia dada yake. Ni mama wa makamo, anafanya kazi ya kuhudumia wazee, na alikuja kwangu akitoka zamu, miguu imevimba. Aliniomba niongee na mdogo wake kwa kuwa mimi ananisikia. Nikamjibu kwa ile sauti ya mtu aliyesoma: "Maman, hata mimi navutaka. Uniangalie, niko na shida gani?" Akasema, "Papa, miye siulizi anavutaka ngapi. Nauliza ameacha nini. Wewe unavuta, kesho unaenda kazi. Yeye anavuta kusudi asiende. Haiko kitu moja." Nikamwambia anatia chumvi. Aliniamini, kwa sababu naandika magazetini, akaenda zake.

Wapo waliokuwa na jibu jingine. Kikundi cha maombi kilimwekea marehemu mikono wakamwambia kwamba kila anayegusa bangi amekwisha potea. Yeye alinijua mimi, akaniona sijapotea, akahitimisha kwamba watu wale ni waongo katika kila jambo. Basi akabaki katikati yetu: wao wakisema wote wameharibika, mimi nikisema wote ni wazima, na hakuna aliyemtazama yeye. Ni uvivu uleule wa pande mbili. Wao uliwapa haki ya kuhukumu, mimi ulinipa haki ya kutojisumbua.

Bangi haikumuua, sitaki kusema uongo hata kwa nia njema. Kilichomuua ni sukari ambayo hakuwa ameipima kwa zaidi ya mwaka. Dada yake ndiye aliyefungua friji, akakuta boksi la sindano zake za insulini halijaguswa. Kila asubuhi alikusudia kwenda kliniki, na kila asubuhi alivuta kwanza.

Tulipotoka makaburini, kijana mmoja wa ukoo wao, baba wa watoto wawili, alinivuta kando akaniambia kwa fahari kwamba yeye huvuta mwisho wa juma tu, si kama marehemu. Zamani ningempigapiga begani. Safari hii nilimuuliza kuna kitu gani alichokipenda miaka mitano iliyopita ambacho siku hizi hakifanyi tena. Aligeuka akatazama watoto wake waliokuwa wakimsubiri langoni. Sikumsaidia kwa mzaha. Swali hilo halihitaji daktari wala mchungaji, linahitaji rafiki atakayeliuliza na kungoja jibu hata likichelewa. Mimi nilikuwa rafiki wa mtu kwa miaka tisa, na sikumuuliza hata mara moja.