Dawa Iliyonaswa na Maziwa

Nakumbuka siku moja ya mwaka jana, mdogo wangu, na hadi leo nikipita Chang'ombe karibu na nyumba ya Bi Zuhura natazama chini. Sina mvi za kukunasihi, lakini aibu nayo huzeesha. Jumatatu unaanza kazi duka la dawa, nisikilize.

Bi Zuhura, mke wa muuza vitambaa, alikuja dukani kwetu na cheti cha daktari. Alikuwa na maambukizi ya njia ya mkojo, kaandikiwa siprofloksasini, dawa ya kuua bakteria. Mie, mhitimu mpya, nikamweleza dawa inavyojishikiza kwenye kimeng'enya cha bakteria mpaka washindwe kuzaliana. Nikamchorea hadi picha kwenye bahasha ya vidonge.

"Mashallah, umesoma, mwanangu," akasema.

Swali lilinijia: atamezea nini? Wengi mtaani kwetu humezea dawa kali maziwa, isichome tumbo. Nikawaza, nikimuuliza ataona namdharau, mtu mzima kufundishwa kumeza. Nikawaza, labda anajua. Nikawaza mpaka akaondoka.

Siku chache baadaye homa ikampanda, maumivu yakahamia mgongoni, akalazwa. Nilipokwenda kumjulia hali nilimkuta na dripu mkononi, bilauri ya maziwa kando ya kitanda.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Vidonge vyako nimemeza vyote, kila kimoja na maziwa yake. Mbona havikunisaidia?"

Nikamwambia kuwa kalsiamu ya maziwa huing'ang'ania dawa hiyo tumboni. Ikishanaswa haipiti kwenda kwenye damu, na bakteria wanabaki salama.

"Ulijua?"

"Nilijua, bibi. Niliogopa utaona nakudharau."

Hakupaza sauti; angepaza, ningepumua.

"Picha ukanichorea, neno 'maji' likakushinda? Kunidharau ndiko huku, mwanangu, kuniacha niugue kwa adabu." Kisha akaitazama bilauri. "Haya, iondoe. Au na yenyewe unaionea haya?"

Alipona, namshukuru Mungu. Mie bado.

Kuuliza si ujinga, walisema wazee, na mie nimeona msemo huo unamhusu hata anayetoa dawa. Kwa hiyo, mdogo wangu, kabla hujaeleza dawa inashika wapi mwilini, uliza inamezewa nini nyumbani. Uliza hata kama uso unawaka kwa haya. Aibu ya kuuliza huisha mgonjwa akiwa bado mbele yako. Hii yangu naamka nayo.

Mungu akupe ulimi usioogopa swali dogo, na kila utakayempa dawa arudi kukusalimu kwa miguu yake.