Phyllis Wakesho Aliyebaki Umm Salal

Alizaliwa Mgange, juu katika milima ya Taita, tarehe 14 Machi 1971, mtoto wa nne wa Mzee Mwakio aliyekuwa fundi wa kuchonga mawe, na wa Mama Mkamburi aliyelima mahindi na kunde kwenye mteremko mkali kiasi kwamba mvua ikinyesha ilibidi udongo upandishwe tena kwa karai. Alibatizwa akiwa mchanga, akasoma hadi darasa la nane, na waliomjua wakati huo wanasema hakuwa na alama yoyote ya pekee, ila alikuwa mtu wa kusikiliza. Mwaka 1992 aliolewa na dereva wa trekta katika shamba la mkonge kule Mwatate, na mwaka uliofuata akamzaa Hannah, mtoto wake wa pekee. Mumewe alifariki mwaka 2003 kwa homa ya siku nne. Septemba 2006 Phyllis alimwacha Hannah, mwenye miaka kumi na mitatu, mikononi mwa dada yake, akapanda ndege kwenda Doha kufanya kazi za nyumbani. Hannah hakulia siku ile. Alisimama mlangoni ameshika ufagio, na mama yake aliandika baadaye kwamba afadhali angelia.

Nyumba aliyopelekwa ilikuwa Umm Salal, kaskazini ya jiji, penye mashamba ya mitende na mazizi ya mbuzi nyuma ya kuta ndefu. Mwenye nyumba alikuwa bibi mjane aliyeitwa kwa jina la mwanawe mkubwa, Umm Khalifa, mwanamke mkali wa maneno, mwenye watoto wanane waliokuwa wakija kila Ijumaa na kuondoka kabla ya jua kuzama. Jikoni alimkuta mpishi, Somawathi, mwanamke wa Sri Lanka aliyekwisha kukaa humo miaka ishirini na miwili. Hawakuwa na lugha moja. Walizungumza kile Kiarabu cha jikoni ambacho wafanyakazi wote wa Ghuba hukiokota, maneno mia mbili yasiyo na sarufi, na kwa maneno hayo mia mbili Mafundisho ya Buddha yalimfikia Phyllis Wakesho.

Ilikuwa hivi. Mwezi wa kwanza Phyllis alivunja bakuli la bibi, akaketi sakafuni. Somawathi aliviokota vipande, akavitazama, akasema, "Kulu yiruh, Filisi." Maana yake, kila kitu huenda zake. Phyllis alidhani anafarijiwa tu. Lakini mpishi yule alilirudia neno hilo mbele ya maziwa yaliyochacha, mbele ya mtoto wa mbuzi aliyezaliwa, mbele ya picha ya mumewe mwenyewe, wala uso wake haukubadilika, mpaka Phyllis akamwuliza, "Ni nani aliyekufundisha?" Kuanzia hapo wakawa wanazungumza kila alasiri, bibi akiwa amelala, wakimenya vitunguu. Somawathi alikuwa mzaliwa wa kijiji kilicho karibu na Anuradhapura. Alisimulia jinsi mtoto wa mfalme katika Bara Hindi alivyoiacha nyumba ya baba yake, akaketi chini ya mti mpaka akaamka kama mtu anavyoamka usingizini. Jinsi alivyowatuma wanafunzi wake sitini, kila mmoja kwa njia yake, wawili wasifuatane. Na jinsi, miaka zaidi ya mia mbili baadaye, mfalme Ashoka aliyemwaga damu nyingi alivyojuta, akawatuma watawa katika nchi za mbali, naye binti yake akavuka bahari na mche wa mti uleule na kuupanda Lanka.

"Kisha akarudi kwao?" Phyllis aliuliza.

"Ma fi," alijibu Somawathi. Hakurudi. Alifia kisiwani.

Phyllis aliandika katika daftari lake kwamba alasiri ile aliacha kisu na kutoka nje mpaka kwenye zizi. Alikuwa hajawahi kufikiri kwamba dini yoyote, hata ile aliyobatiziwa, ililetwa na mtu mwenye miguu, aliyekuwa na mama mahali fulani, aliyekula chakula cha kigeni na kufa bila kusikia lugha yake. Aliwaza juu ya wale sitini. Aliwaza juu ya yule ambaye njia yake haikufika popote, ambaye hakuna anayelijua jina lake. Moyo wake uliingia hapo na haukutoka. Mwaka 2009, baada ya kwenda nyumbani likizo moja na kurudi, aliuomba uanafunzi, na Somawathi, asiye mtawa wala mwalimu, alimwagia maji mikononi na kumfundisha kujizuia na mambo matano: kuua, kuiba, zinaa, uongo na ulevi. Hakuna sherehe nyingine iliyofanyika.

Majaribu yake yalianza mara moja. Kila Ijumaa wanawake wa Kenya walikutana kwenye ibada jijini, na huko ndiko Phyllis alikopata Kiswahili cha wiki nzima, vicheko, na habari za nyumbani. Hakutaka kuwadanganya. Alimwambia rafiki yake wa karibu, Jennifer wa Voi, aliyefanya kazi katika nyumba ya ghorofani kule The Pearl, mtaa wa matajiri. Jennifer alimwangalia kama mtu aliyeambiwa ana ukoma. "Mama Hannah, wewe? Umeanza kuabudu masanamu? Hii Doha imekuharibu kichwa, wallahi." Ijumaa iliyofuata benchi lilijaa alipofika, na alipojaribu benchi la pili nalo likajaa. Aliendelea kwenda wiki tatu akisimama nyuma, kisha akaacha. Simu ilifika Taita kabla yake. Dada yake alimwambia asithubutu kuja na ushetani huo mbele ya mtoto, na alipokwenda likizo ya pili mwaka 2010, Hannah alikula naye meza moja kwa majuma matatu bila kumwita Mama hata mara moja.

Aliporudi Doha alimkuta Somawathi amefunga sanduku. Macho ya mpishi yalikuwa yameingia ukungu, na mkataba wake haukuongezwa. Alimkabidhi Phyllis sanamu ya udongo, ndogo kuliko tende, na Phyllis akamwuliza kwa uchungu atabaki na nani. Somawathi akafikiri, akasema kwa kile Kiarabu chao, "Ma fi ana, ma fi inta. Fi shughul." Hakuna mimi, hakuna wewe, kazi ipo. Kisha gari likaondoka. Phyllis hakumsikia tena, wala hakujua alikufa lini. Tangu siku ile palipita majuma ambayo hakusikia neno moja la lugha yoyote aliyoipenda. Aliongea Kitaita na mbuzi ili asikisahau. Alikiri katika daftari kwamba nyakati nyingine alikuwa akimwita mbuzi mmoja Hannah, na kwamba alijionea aibu, na kwamba aliendelea.

Mwaka 2011 mke wa Khalifa aliikuta ile sanamu chini ya mto wa Phyllis. Dereva wa nyumba, Salim, mtu wa Unguja na mwema, alimwahi uani akamnong'oneza, "Dada, sema kidude cha watoto tu hicho, yaishe. Watakurudisha kwenu kesho." Lilikuwa neno jepesi, na lingemwokoa. Phyllis alipoitwa mbele ya Khalifa, alisema sanamu ni yake, alipewa na mwalimu wake, haiombi kitu, humkumbusha tu namna ya kuishi. Khalifa aliamuru afungashe. Ndipo Umm Khalifa, aliyekuwa ameketi na tasbihi yake, aliponyanyua mkono. "Miaka arubaini nimekuwa na watumishi," alisema. "Wote nikiwauliza waliniambia nilichotaka kusikia. Huyu ameulizwa akasema kweli. Kitu hicho kiondoke, yeye abaki." Salim aliichukua sanamu, na ilikoishia hakujulikani. Phyllis alikumbuka alivyosimuliwa na Somawathi kwamba zamani sana, kwa mamia ya miaka, watu wa Bara Hindi hawakumchonga Buddha kabisa. Walichonga kiti kitupu. Basi kila alfajiri, kabla ya kazi, aliweka mbele yake kigoda cha jikoni cha kumenyea vitunguu, akakaa sakafuni akikitazama bila mtu juu yake.

Machi 2013 bibi alipooza upande mmoja na kupoteza kauli. Mkono uliobaki na nguvu aliutumia kupiga. Alitema chakula, aliwakwaruza wauguzi, na wawili waliacha kazi kabla ya Ramadhani. Ni kwa Phyllis tu alikofumbua kinywa, na hata yeye hakumwachia bila kofi. Phyllis alimlisha uji mwembamba wa tende, kijiko baada ya kijiko, saa nzima kwa bakuli moja, mara tatu kwa siku, kwa muda wa karibu miaka mitatu.

Sasa tumefika kwenye jambo ambalo wanaompenda hawakubaliani juu yake. Hannah alikuwa aolewe Wundanyi tarehe 13 Desemba 2014. Alikuwa ameanza kulainika, yeye mwenyewe ndiye aliyepiga simu na kusema, "Mama, kuja." Khalifa alimrudishia Phyllis pasipoti yake, akamletea tiketi, akaajiri muuguzi mpya wiki mbili mapema amzoee bibi. Bibi hakumzoea. Siku ya kwanza Phyllis alipokaa pembeni, bibi hakula. Siku ya pili hakula. Siku ya tatu, asubuhi ya safari, daktari alikuja akasema mwili ule hautastahimili mpira wa kulishia. Phyllis alikuwa ameketi kitandani, amevaa gauni jipya la bluu, begi liko miguuni. Alimpigia bintiye.

"Hannah, mwanangu, bibi hali chakula kwa mtu mwingine. Nikiondoka atakufa."

"Huyo bibi ana watoto wangapi?"

"Wanane."

"Mimi nina mama wangapi?"

Phyllis alilisogeza begi kwa mguu.

"Niulize tena, ama umesikia?"

"Nimesikia, mwanangu."

"Basi usinipigie tena."

Alivua gauni, akalikunja, akaenda kuwasha jiko. Siku hiyo aliandika sentensi mbili tu katika daftari lake: "Leo nimemwacha mmoja na njaa ili nimlishe mwingine. Mtu asinisifu kwa hili." Nasi tunaoyaandika maisha yake tumelitii neno hilo, hatumsifu. Tunasimulia lilivyotokea.

Mwaka 2015 yule muuguzi aliondoka, na wakala akaleta msaidizi. Alipofunguliwa lango alikuwa Jennifer. Mwajiri wake wa kwanza alikuwa amehama nchi, naye akapelekwa kulikokuwa na nafasi. Alisimama na mkoba wake asijue aangalie wapi. Phyllis alimpokea mkoba, akamwuliza kama amekunywa chai. Juma la kwanza bibi alimtemea Jennifer usoni, Jennifer akainua mkono. Phyllis hakumgusa. "Akikutemea," alisema, "mfute yeye kinywa kwanza, halafu ujifute wewe. Usibadilishe huo mpangilio." Jennifer hushuhudia kwamba alifanya hivyo kwa hasira, kisha kwa mazoea, na kwamba ilipita miezi mitano kabla ya kumwuliza Phyllis maana ya kigoda kile kitupu. Phyllis hakuwahi kumhubiria mtu katika nchi ile. Aliulizwa, akajibu.

Tarehe 22 Februari 2016, alasiri, Umm Khalifa aliyekuwa hajatamka neno kwa karibu miaka mitatu aligeuza kichwa juu ya mto na kusema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Filisi, umekula?" Khalifa alikuwepo, na Jennifer alikuwepo. Phyllis alijibu kwamba bado. Bibi akasema, "Kula," na baada ya saa moja akakata roho. Sisi hatukufundishwa kutafuta miujiza, na madaktari wana maelezo yao. Lakini Khalifa, mtu asiyelia mbele ya watumishi, alitoka akasimama katikati ya mitende, na watu walimwacha.

Phyllis alikuwa huru sasa kurudi, na tiketi aliahidiwa. Alimwandikia Hannah barua akimwomba ruhusa ya kuja. Hakutaka kuonekana mlangoni kama mtu mwenye haki. Hannah alikuwa amebadilisha namba ya simu. Barua ya pili ilienda kwa mkono wa msafiri, na ya tatu. Mwaka mzima alingoja jibu, akichunga mbuzi na kukaa alfajiri, na moyo wake, ambao daktari alisema umepanuka, ukachoka. Alifariki usingizini tarehe 9 Julai 2017, baada ya adhuhuri, akiwa na umri wa miaka arubaini na sita. Ilikuwa ile miezi ambayo mipaka na anga za majirani zilifungwa kwa Qatar, na mwili wake ulingoja ndege siku kumi na moja. Jennifer aliyemvika anasema uso haukuwa umebadilika hata kidogo. Wapo wasemao ni baridi ya chumba cha maiti, nasi hatubishani nao.

Jennifer alisafiri na jeneza hadi Mgange, amebeba madaftari matatu. Hannah aliyapokea mazishini bila kuyafungua. Miezi minane baadaye alimpigia Jennifer simu Voi, akasema kuna neno moja la Kiarabu hakulielewa ukurasa wa kwanza. Hivi leo tuko watu saba tunaokutana Jumamosi ya mwisho wa mwezi sebuleni kwa Hannah, kusoma yale aliyoyaandika mama yake kwa Kiswahili. Hannah si mmoja wa hao saba. Hupika chai, huketi karibu na mlango wa jikoni, na tukipotosha tarehe hutusahihisha. Siku moja alisema, "Nyinyi mnamjua kuliko mimi. Endeleeni kusoma."

Anayetaka kumfuata Phyllis Wakesho asitafute jangwa wala nchi ya mbali. Amwangalie aliye kitandani mbele yake, amlishe. Kisha anyanyuke, avae, aende kwa yule anayemngoja nyumbani. Hilo la pili lilimshinda yeye, akatuachia sisi.