Risasi Ndogo ya Baba

Enzi zetu, likizo ya Agosti ilikuwa ya kufukuza nyani kwenye mahindi, na kazi hiyo Baba aliifundisha kama somo la darasani. Tuliishi kijiji kinachoitwa Kwanza, si mbali na Kitale. Baba, askari mstaafu, alikuwa na leseni ya bunduki ndogo, pointi tuu-tuu, ambayo risasi yake haizidi punje ya haragwe. Mwaka mzima nilijifunza kwa mpini wa jembe. Nalala kifudifudi, Baba anaweka punje ya mahindi juu ya mpini. Ikianguka, naanza upya. Siafu wakiingia kwenye sketi, hiyo haikuwa sababu ya kutikisika.

"Kidole kikae nje mpaka akili ikubali," alikuwa akisema.

Nilipofika miaka kumi na mitano alinipa bunduki yenyewe. Nilitoboa kopo la mafuta ya kupikia, nikajiona jenerali.

Asubuhi moja tukiwa kwenye mazoezi, mbwa kichaa alitoka shambani, povu mdomoni, akaelekea kwa Nekesa, mdogo wangu wa miaka minne, aliyekuwa akichezea magunzi uani.

"Mtoto hayuko nyuma yake. Piga," alisema Baba.

Nilipiga. Nilimpata begani. Mbwa aliendelea na safari yake. Risasi ya pili ilikataa kuingia, na Baba aliponinyang'anya bunduki, Mama alishafika kati ya mbwa na mtoto, miguu peku, ameshika mchi wa kinu. Alipiga mara moja. Safari iliishia hapo.

"Nyinyi na bunduki yenu," alisema akihema, "si mngengoja mbwa amalize mtoto kwanza?"

"Risasi ndogo inaua," Baba alinieleza baadaye, "lakini kusimamisha haijui." Mama hakuomba maelezo hayo.

Siku hizi kijana wa Nekesa, hapa Bungoma, huua watu sitini kwenye simu kabla ya chai. "Anti, pointi tuu-tuu ni toi bana, ya kuchezea watoto," ananielimisha. Anajua bunduki za nchi asizoweza kuzionyesha kwenye ramani, na mchi hajawahi kuushika.

Lakini akinunuliwa chipsi tu, humkumbatia mama yake na kumwambia anampenda. Sisi hatukuwa na maneno hayo. Tulidhani wazazi wanajua. Mama tulimzika kulekule kijijini Kwanza, na sikuwahi kumwambia asante.