Hodi Inataka Mtu wa Ndani

Fundi miwani aliajiriwa Jumatatu, tarehe 3 Mei 2004, na tangu siku hiyo hajahama kiti chake katika karakana iliyo nyuma ya duka. Husaga lenzi mpaka zikae kwenye fremu bila kucheza. Tangu dada yake afariki, mwanzoni mwa mwaka huu, hajaharibu hata lenzi moja. Mwenye duka alimsifu mbele ya wateja, naye akasema "asante" kama mtu anayerudishiwa chenji.

Waliishi wanawake wawili, yeye na dada yake mkubwa, ghorofa ya kwanza. Kila jioni alifika na ufunguo mkononi, lakini hodi alipiga, kwa utani tu, na dada akapaza sauti kutoka jikoni, "Hatununui!" Siku hizi anafungua, anaingia, basi. Hajamkaribisha mtu tangu mazishi. Kanga ya dada bado iko kwenye mgongo wa kiti, na hakuna anayekikalia.

Jumamosi iliyopita alikwenda kwenye klabu ya vitabu akiwa na sentensi moja aliyoiandaa njiani: msinihesabu tena. Kwa kanuni yao, anayependekeza kitabu ndiye anayewapokea wenzake nyumbani kwake. Zamu yake alikuwa ameshairuka, na sasa ilikuwa imemfikia tena.

Walikutana sebuleni kwa mwalimu mstaafu, mwenye kuongoza mazungumzo. Mwaka huu wanasoma riwaya za Kijapani zilizotafsiriwa. Ya mwezi huu inamhusu karani mjane ambaye kila jioni huvua viatu mlangoni na kuiambia nyumba tupu, "Nimerudi."

"Hapo mtafsiri katuangusha," alisema kinyozi, ambaye hulalamika kabla hajakaa vizuri. "Nimerudi! Kwani nani kamuuliza?"

"Ndiyo salamu yao, bwana," mwalimu alisema. "Anayeingia husema hivyo, na aliye ndani humwitikia."

"Basi si angeandika hodi, tukaelewana?"

"Hodi kwako mwenyewe? Umekuwa mgeni wa nani?"

"Kwangu mimi ni mgeni, mwalimu. Muulize mke wangu."

Walicheka. Fundi miwani alikuwa akiangalia miwani ya kinyozi, iliyolegea skrubu upande wa kushoto na kumpa sura ya mtu aliyeegemea ukuta.

"Mtafsiri yuko sawa," alisema. "Hodi inataka mtu wa ndani. 'Nimerudi' unaweza kusema hata kama hayupo."

"Umejuaje?" kinyozi aliuliza.

"Mimi nilikuwa napiga hodi kwangu. Dada ananijibu, 'Hatununui!'"

Kinyozi aliangua kicheko, kisha akakikata katikati na kushika mdomo. "Dah. Pole, dada yangu. Nilisahau kabisa."

"Inachekesha," alisema fundi. "Lete hiyo miwani."

Alitoa bisibisi ndogo kwenye mkoba akakaza ile skrubu. Alisubiri machozi, kama mtu anavyosubiri maji kwenye bomba lililokatwa. Hayakuja.

Mwalimu alikohoa. "Zamu ya mwezi ujao ni yako, mama. Lakini kama bado, usijilazimishe. Tutamruka, au siyo?" aliwauliza wengine.

Ile sentensi ilikuwa tayari mdomoni. Kinyozi akamwahi, huku akivaa miwani yake iliyonyooka.

"Asirukwe. Mimi nitakuja nipige hodi, yeye akiwa ndani. Si amesema hodi inataka mtu wa ndani?"

Fundi aliifikiria kama anavyofikiria kipimo cha lenzi, bila furaha wala uchungu. Hakuona kosa.

"Viti havitoshi," alisema.

"Nitakuja na changu."

"Basi njooni."

Alirudi nyumbani kabla ya giza. Alivua viatu mlangoni, akasema "Nimerudi" kwa sauti ya kawaida, akasikiliza friji. Kisha akaitoa kanga kwenye kiti, akaikunja, akaiweka kabatini.

Klabu itakutana kwake Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, saa kumi jioni. Kitabu alichopendekeza ni cha Kijapani pia, chembamba, na bado hajakimaliza.