Makofi kwa Gavana

Baba yangu, Enoka wa Itaka, kwetu Mbozi, alilima kahawa. Chemchemi aliyonyweshea miche yake ilikuwa imezungushiwa waya na mzungu mmoja mwenye shamba. Kwa hiyo mwaka 1953, wakulima wachache wa Mbozi walipoalikwa kuitembelea nyumba ya Gavana huko Dar es Salaam, majirani walimwambia Baba, "Wewe ndiye utakayemweleza habari ya maji."

Alikwenda kwa lori mpaka Itigi, kisha kwa treni, shati lake la kanisani likiwa limekunjwa kikapuni. Walitembezwa bustanini kwanza. Maji yalikuwa yakimwagwa kwenye nyasi ambazo hakuna ng'ombe wa kuzila. Baba aliyaona, akaendelea kumngoja mwenye nyumba.

Gavana alipotoka, Baba alifanya kama tunavyofanya kwetu mbele ya chifu. Alichuchumaa, akainamisha kichwa, akapiga makofi polepole, akisubiri aitikiwe ndipo aseme shida yake.

Gavana alidhani anashangiliwa. Akatabasamu, naye akapiga makofi, akaingia ndani.

Baba alibaki amechuchumaa mpaka askari akamwambia, "Mzee, inuka, tumemaliza."

Wapo wanaosema Enoka aliogopa. Waseme watakavyo, hawakuwapo, na waya ule ulipokuja kukatwa, hawakuukata wao.

Aliporudi, majirani walijaa uani kwetu kuuliza Gavana amejibu nini. Baba akatabasamu, akawapigia makofi, akaingia ndani.