Rangi Nyekundu ya Kwemasale

Juzi, kwenye nyumba ya wageni pale Irente, niliona ramani ukutani, na jina la kwetu limeandikwa bila kosa: Kwemasale. Nikasikia tena harufu ya rangi.

Nilikuwa mtoto wapimaji wa ardhi walipokuja mchana mmoja, Bibi akichemsha maboga. Walimpa shikamoo, wakauliza pale panaitwaje. Bibi akawapeleka hadi kwenye mimea ya masale tuliyopanda kuzunguka kaburi la Babu, akalitaja jina polepole.

“Andikeni vizuri, wanangu, watu wapajue.”

Wakalipaka rangi nyekundu jiwe kubwa lililokuwa upande wa chini wa shamba letu. Mimi nilidhani ni pambo, nikaomba watupakie na mlango. Walicheka sana. Bibi naye akacheka, akawafungia maboga ya njiani.

Jiwe lile likawa mpaka wa hifadhi, na nyumba yetu ikabaki upande wa msitu. Tulihamishwa kabla maharage hayajakomaa. Bibi tulimzika Mombo, kwenye joto alilolichukia.

Juzi pale Irente nilimuuliza mhudumu njia ya kwenda Kwemasale.

“Huko haingii mtu bila kibali, kaka.”

Babu yangu amelala huko mpaka leo. Hana kibali.